Mguu Ndio Unaouma?



Mwezi ujao, Mungu akipenda, narudi hospitali kutolewa chuma mguuni. Daktari anasema ni kazi ndogo: wanapasua palepale pa zamani, wanafungua skrubu, wanatoa chuma, wanashona. Kisu sikiogopi. Ninachoogopa ni zile siku kumi baada ya kisu, na sababu yake nitaieleza hapa bila kuficha, maana nadhani vijana wengi tunalo swali hili na hatujui tulipeleke wapi.

Nilipoweka habari hiyo kwenye kundi letu la WhatsApp la vijana wa parokia nikiomba sala, sala zilikuja, na ubishi ukafuata nyuma yake. Mmoja akaandika kwamba safari hii nisimeze dawa za maumivu, nitolee mateso yangu kwa ajili ya roho za toharani, mbona Padre Pio alipasuliwa akakataa nusu kaputi. Mwingine akajibu kwamba huko ni kujitesa bure, Mungu ndiye aliyewapa madaktari akili, meza dozi yote ulale. Dada mmoja anayesomea uuguzi akasema huko Marekani madaktari wenyewe siku hizi wanapunguza dawa kali baada ya upasuaji kwa sababu zimemaliza watu. Wakabishana mpaka saa sita usiku, mwenyekiti akafunga kundi. Mimi sikuandika kitu. Nilikuwa nasoma huku nimeshika mguu.

Hilo la Padre Pio nilimalize kwanza. Ni kweli, mwaka 1925 alipasuliwa ngiri akakataa kulazwa kwa dawa. Lakini alikuwa na sababu yake: alihofia kwamba akiwa hajitambui, daktari angepata nafasi ya kuchunguza madonda yake matakatifu. Na mwisho wa yote alizimia kwa maumivu, na daktari akayachunguza hivyohivyo. Kwa hiyo hadithi hiyo inatueleza zaidi habari za madonda yake kuliko habari za dawa, na mimi na wewe hatuna madonda ya namna ile ya kulinda.

Sasa nianzie wodini.

Nilivunjika muundi kwa pikipiki. Nilipasuliwa kwa sindano ya mgongo, nikawekwa chuma, nikapelekwa wodi ya wanaume. Ilikuwa wiki ya nne ya Kwaresima. Kitanda cha kulia kwangu alilala mzee mmoja, katekista mstaafu, ambaye utumbo ulikuwa umejisokota na wamempasua tumbo kuanzia juu ya kitovu hadi chini. Yule mzee alikuwa anakataa sindano ya maumivu. Nesi akija na trei, yeye anainua mkono taratibu: "Asante mwanangu, wape wengine." Usiku nilimsikia akisali rozari kwa kunong'ona, na kila fungu alilitaja jina la marehemu mke wake. Nilimwonea fahari kabisa. Nikajiona mimi ni mlegevu, maana mimi kila baada ya saa nne nilikuwa nauliza, dada, bado tu?

Siku ya tatu mzee akapata homa. Alikuwa anapumua juujuu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Daktari akamwekea kifaa cha kusikilizia mgongoni, akamwambia, "Babu, vuta pumzi ndefu. Kohoa." Mzee akajaribu, uso ukakunjamana, akaacha. Ukipasuliwa tumbo, kila pumzi ndefu inavuta mshono. Basi mtu hujizuia bila hata kujua, makohozi yanabaki chini kifuani, na kifua kinashambuliwa na ugonjwa mwingine kabisa, nimonia, ambao kwa mzee wa umri ule unaweza kumuua wakati kidonda chenyewe kinapona vizuri. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu asiyeinuka kitandani kwa sababu ya maumivu: damu inaweza kuganda miguuni, na bonge likipanda hadi mapafuni, habari imekwisha.

Nesi wa zamu siku ile alikuwa mama mtu mzima, mnene, asiyecheka ovyo. Alivuta kiti akakaa. Akasema, "Babu, sadaka yako Mungu ameshaipokea. Sasa nisaidie mimi kazi yangu. Dawa hii sikupi ustarehe, nakupa ukohoe." Mzee akanyamaza muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono. Baada ya nusu saa yule mama akarudi na mto, akamwambia aukumbatie na kuubana juu ya mshono, na akakohoa. Alikohoa huku machozi yanamtoka, akakohoa tena. Kesho yake alikaa kitandani akanywa uji.

Nimeirudia kauli ile ya nesi mara nyingi. Nakupa ukohoe. Kumbe dawa ya maumivu ina kazi, kama jembe lilivyo na kazi, na ukitaka kujua kama unaitumia vyema inabidi uulize umeishika ili ufanye nini.

Wapo wanaodhani Kanisa linatufundisha kuyakumbatia maumivu yote kama yalivyo. Tarehe 24 Februari 1957, Papa Pio XII alizungumza na madaktari waliomletea maswali ya wataalamu wa dawa za usingizi. Moja ya maswali yale lilikuwa hilihili la kundi letu: je, Mkristo ana wajibu wa kukataa dawa ya kuondoa maumivu, ayapokee ya mwili kwa moyo wa imani? Alijibu kwamba wajibu wa namna hiyo kwa watu wote haupo. Mkristo anaweza kwa hiari yake kuchagua kuvumilia sehemu ya maumivu akiungana na Kristo, na hilo ni jambo jema. Lakini maumivu yanaweza pia kumdhoofisha mtu mwili, hata kumzuia asisali na asitende mema anayopaswa kutenda, na hapo kuyapunguza ni haki yake. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 1984, Mtakatifu Yohane Paulo II aliandika barua nzima juu ya maana ya mateso, Salvifici Doloris. Aliandika kama mtu anayejua anachosema, maana alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981 akapasuliwa kwa masaa. Barua ile kabla ya kufunga inatupeleka kwa Msamaria Mwema. Sasa kaa na picha ya Msamaria kidogo. Mtu kapigwa, kaachwa barabarani. Msamaria akainama, akamtia mafuta na divai kwenye majeraha. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya siku zile. Hakusimama pembeni akamwambia jeruhi, ndugu yangu, tolea tu.

Utaniuliza, na Bwana wetu mwenyewe? Pale Golgota, Marko anaandika kwamba walimpa divai iliyotiwa manemane, naye hakuipokea. Ni kweli. Lakini Yohane anaandika kwamba mwishoni alisema ana kiu, wakampa siki kwa sifongo, akapokea. Ile ya kwanza aliikataa kwa hiari yake, kwa ajili ya kazi ambayo hakuna mwingine duniani angeifanya. Na katika miaka yake yote ya kutembea na wagonjwa, hakuna hata mmoja ambaye alimwambia abaki na ugonjwa wake kwa sababu unamfaa. Bartimayo alimuuliza anataka afanyiwe nini.

Mpaka hapo nadhani yule rafiki yangu wa "meza dozi yote ulale" anatabasamu. Asubiri.

Sijasema nilivunjikaje. Pikipiki ilikuwa ya kaka yangu. Ndiyo kazi yake, ndiyo ada ya wanawe. Niliichukua Jumapili jioni bila kumwomba, nikiwa natoka mazoezi ya kwaya, nikitaka tu kumpeleka mtu mahali na kurudi. Pikipiki iliharibika vibaya kuliko mguu. Na kaka yangu, kila siku niliyolazwa, alikuja asubuhi na chupa ya uji, akaniuliza nimeamkaje, akakaa dakika kumi, akaondoka kwa miguu. Hakusema neno moja juu ya pikipiki. Laiti angenitukana.

Ilikuwa siku ya nne au ya tano wodini. Nilimwita nesi, nikamwambia mguu unauma, akanipa kidonge. Tramadoli. Mzee wa kitanda cha pili alikuwa ameanza kupata nguvu, amegeukia upande wangu. Nesi alipoondoka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mguu ndio unaouma?"

Nikasema ndiyo, babu, mguu.

Akasema, "Haya." Hakuongeza kitu. Baada ya siku mbili akaruhusiwa, akaniwekea mkono kichwani, akaenda zake.

Nilidanganya, na nilijua nadanganya. Mguu ulikuwa unauma, lakini kwa kiasi cha kuvumilika. Kitu nilichokuwa nakitafuta ni kile kinachokuja dakika arobaini baada ya kumeza: kichwa kinakuwa chepesi, moyo unashuka, na kaka yangu akija na uji naweza kumtazama usoni. Dawa hizi za jamii ya afyuni zinafanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, na ubongo hauna kabati mbili, moja ya maumivu ya mfupa na nyingine ya maumivu ya aibu. Zinatuliza yote. Kwa mtu aliyetoka kukatwa mwili hiyo ni rehema kubwa. Ila ukishaionja kwa ajili ya yale mengine, hutaisahau mapema.

Niliruhusiwa na vidonge vya siku tano. Vikaisha. Nikaenda duka la dawa mtaa wa pili, nikamwonyesha dada pale mguu na magongo, nikamwambia cheti nimekisahau nyumbani. Akaniuzia. Wiki iliyofuata nikaenda duka lingine, kwa maneno yaleyale. Nilikuwa naimba komunyoni, kwa magongo yangu, watu wananipongeza kwa imani, na mfukoni ninayo pakiti. Wiki ya sita nikaishiwa hela. Usiku wa kwanza bila kidonge nilitokwa jasho shuka likalowa, makamasi yanatiririka bila mafua, tumbo linachafuka, miguu yote miwili haitulii, ule mzima nao. Usingizi hakuna. Mimi nimekulia mtaa ambao mateja wanajulikana kwa majina yao, na nilikuwa nalijua vizuri neno arosto. Sikuwahi kufikiri litanihusu mimi. Unga wa heroini unatengenezwa kutokana na mofini, ni ukoo mmoja na vidonge vyangu. Kwa nini nilijiona niko mbali nao sana?

Hapa niseme jambo la afya kabla sijasahau. Kama unasoma haya na uko hapo nilipokuwa, usikate dawa ghafla peke yako kama nilivyofanya mimi kwa kukosa hela. Nenda kwa daktari akupunguzie kidogokidogo. Tramadoli hasa, mtu akiizidisha, inaweza kumletea degedege. Na usimeze pamoja na pombe au dawa za usingizi, maana hizi dawa zinapunguza kasi ya kupumua, na wengi wanaokufa nazo wanakufa hivyo, wamelala.

Yule dada wa uuguzi alisema kweli kuhusu Marekani, na habari yenyewe inatuhusu. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza kidonge kinachoitwa OxyContin, ikawaambia madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Madaktari wakaandika. Mtu aking'olewa jino, anarudi nyumbani na kopo. Mwaka 2007 kampuni ndugu ya Purdue ilikiri kosa mahakamani kuhusu namna dawa ile ilivyotangazwa, na mwaka 2020 Purdue yenyewe ikakiri makosa mengine. Lakini mlango ulishafunguka. Waliozoea vidonge wakahamia heroini, kisha ikaja fentanili ya vichochoroni, na mwaka 2021 pekee watu zaidi ya 100,000 walikufa nchini humo kwa kuzidisha dawa na mihadarati, wengi wao kwa vitu vya jamii hii.

Kuna uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2017 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, nao umenigusa kuliko idadi ya vifo. Walifuatilia wagonjwa zaidi ya 36,000 waliopasuliwa, ambao kabla ya hapo hawakuwa wakitumia dawa hizi. Kati ya kila 100, takribani 6 walikuwa bado wanazichukua miezi mitatu na zaidi baada ya upasuaji, wakati mshono umeshapona. Na cha kushangaza, waliofanyiwa upasuaji mkubwa na waliofanyiwa mdogo walikaribiana sana. Ingekuwa kidonda ndicho kinachowaendesha, wale wa upasuaji mkubwa wangekuwa wengi zaidi mara dufu. Waliokuwa hatarini zaidi ni watu wenye sonona au wasiwasi, waliokuwa na maumivu mengine ya muda mrefu, wavuta sigara, watu wenye historia ya pombe na mihadarati. Nilipoisoma nilimkumbuka mzee wa kitanda cha pili. Yeye hakuhitaji wagonjwa 36,000. Alihitaji kugeuka upande mmoja tu.

Basi wapasuaji wakabadili utaratibu, na wengine walishaanza mapema. Daktari Henrik Kehlet wa Denmark amekuwa akihubiri tangu miaka ya 1990 kwamba maumivu baada ya upasuaji yashambuliwe kwa njia nyingi kwa pamoja badala ya kutegemea dawa moja kali. Mgonjwa anachomwa ganzi kuzunguka mshipa wa fahamu wa sehemu inayopasuliwa, ili aamke kabla maumivu hayajafika. Anapewa parasetamo kwa saa maalumu, hata kama wakati huo haumwi sana, pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe kama diklofenaki au ibuprofeni, kama hana vidonda vya tumbo wala matatizo ya figo. Mguu unainuliwa, unawekewa barafu. Anaamshwa atembee mapema. Na juu ya hayo, dawa ya jamii ya afyuni inabaki kwa ajili ya yale maumivu yanayopenya, kwa siku chache, kiasi kidogo, na tarehe ya kuacha inajulikana tangu mwanzo. Pia anaambiwa ukweli kwamba ataumwa kiasi. Hili la mwisho nadhani lina uzito wa kiroho kuliko yote. Mtu aliyeahidiwa kwamba hatasikia chochote, akisikia kidogo anaona ameonewa. Aliyeambiwa ukweli anaweza hata kusali nao.

Lakini naomba tusiichukue hofu ya Marekani nzimanzima na kuileta huku kwetu. Tume moja ya jarida la Lancet iliandika mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa hizi zilizogawanywa duniani kwa mwaka, ukizipima zote kwa kipimo cha mofini, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Kilo mia moja! Wakati kule kopo linatolewa kwa jino, huku kuna mama anayekufa kwa saratani ya kizazi anayepewa panadol, na mtu aliyekatwa mguu anayeambiwa vumilia wewe ni mwanaume. Hapo kumwambia atolee mateso yake ni kumwibia. Uganda waliona hivyo mapema. Daktari Anne Merriman, ambaye aliwahi kuwa mtawa wa Medical Missionaries of Mary, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini ya maji, ya kunywa, ya bei nafuu, ikaanza kuwafikia wagonjwa majumbani. Tangu mwaka 2004 sheria ya huko inawaruhusu hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Dawa ileile iliyoniteka mimi inampa mgonjwa wa kule nafasi ya kuwaaga watoto wake bila kupiga kelele. Sioni aibu kusema namshukuru Mungu kwa mofini.

Sasa, je, nilitenda dhambi? Swali hili lilinikalia kifuani kuliko arosto. Katekisimu namba 2290 inataja dawa kati ya vitu ambavyo fadhila ya kiasi inatutaka tusivipitilize, na 2291 inasema matumizi ya dawa za kulevya nje ya sababu halisi za tiba ni kosa kubwa. Namba 1735 nayo inasema mazoea na hofu vinaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu. Mimi nilijiona katika zote tatu. Kidonge cha siku ya kwanza hakikuwa dhambi, ningekuwa mjinga kukikataa. Kidonge cha wiki ya sita, hiari yangu ilikuwa imeshabaki nusu. Ila katikati yake kuna yale maneno, "cheti nimekisahau nyumbani." Pale nilikuwa mzima wa akili. Na pale wodini, "ndiyo, babu, mguu."

Kuna mtakatifu mmoja ambaye huku kwetu hatajwi sana, Mtakatifu Marko Ji Tianxiang wa China. Alikuwa daktari, baba wa familia, Mkatoliki anayeheshimika, anayewatibu maskini bure. Akaumwa tumbo, akajitibu kwa afyuni, kama wengi wa wakati wake walivyofanya. Tumbo likapona, afyuni ikabaki. Akawa anaungama, anarudia, anaungama, anarudia, mpaka padre akakataa kumwondolea dhambi, akiona hana nia ya kweli ya kuacha. Siku zile uraibu haukueleweka kuwa ni ugonjwa pia. Miaka 30 hakupokea Komunyo, na hakuacha kwenda kanisani. Miaka 30, jamani. Mimi nikikosa Komunyo Jumapili mbili naona watu wananitazama. Aliomba afe shahidi, maana hakuona njia nyingine ya kufika mbinguni. Mwaka 1900, wakati wa uasi wa Maboksa, walimkamata pamoja na familia yake. Aliomba auawe wa mwisho, ili asiwepo wa nyumba yake atakayekufa peke yake. Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, pamoja na mashahidi wenzake 119 wa China. Hakuna anayesema kwamba aliiacha afyuni kabla ya kufa.

Mimi nilimsoma baadaye. Lakini usiku wa tatu wa arosto nilifanya kitu ambacho nadhani angenielewa. Nilijikokota hadi misa ya asubuhi, nikamngoja Padre nje ya sakristia, nikaungama nikiwa nimesimama kwa magongo. Nilidhani atanihubiria. Aliniuliza maswali mawili tu: umemwambia daktari? Nikasema hapana. Umemwambia kaka yako? Nikanyamaza. Malipizi yangu yakawa hayo mawili, na akasema la daktari lifanyike leoleo.

Daktari hakushangaa hata kidogo. Akanipangia namna ya kumaliza. Ilichukua wiki tatu, na vidonge alikuwa navyo mama, akinipa kimojakimoja kama ninavyoona anavyowapa kuku mtama, bila maneno mengi. Kaka ndiye aliyekuwa mgumu. Nilimkuta anaosha pikipiki ya kukodi, maana ndiyo aliyokuwa anaendesha kwa hesabu ya jioni. Nikamwambia yote, la kuichukua bila ruhusa, na la vidonge pia. Akaendelea kuosha. Kisha akasema, "Uji nilikuwa naleta kwa sababu mama alinituma. Siku mbili za mwanzo. Nyingine nilikuja mwenyewe." Akanirushia kitambaa nifute taa.

Maumivu ya moyoni yalipungua jioni ile kuliko kidonge chochote kilivyowahi kufanya, ingawa deni la pikipiki bado nalilipa mpaka leo, elfu kumi kumi.

Ndiyo maana naandika kabla ya mwezi ujao na si baada yake. Nimeshamweleza mpasuaji historia yangu. Nilitetemeka, akaniambia ni wagonjwa wachache wanaomwambia hivyo, na kwamba kujua kabla kunamsaidia sana. Atanichoma ganzi ya mguu. Nitatumia parasetamo na diklofenaki kwa saa zake. Kama usiku wa kwanza na wa pili maumivu yatapenya, nitapewa dawa kali, nami nitaimeza bila kujiona nimemkosea Mungu. Vidonge atashika mama. Kaka ameomba ruhusa ya kulala hospitali usiku wa kwanza, na nimempa kazi moja. Kila nikisema naumwa, kabla hajamwita nesi, aniulize lile swali la mzee, nami nimjibu kweli.

Yule dada wa uuguzi aliniandikia pembeni akaniuliza kama kuna maumivu nitakayobakiza ya kutolea. Nimemwambia yatakuwepo tu, asiwe na wasiwasi. Hata mshono mdogo hauishi kuuma wote. Nimeshaandika majina ninayotaka kuyakumbuka kila fungu la rozari, na jina la mke wa yule katekista lipo la kwanza. Nilikuwa nalisikia kila usiku, sijalisahau.

Mniombee.